Ilikuwaje mwindaji wa wanyama 512 akaitwa baba wa uhifadhi?

Swali: Mwalimu, salamu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Nanyuki. Juzi nilikuwa katika hifadhi ya Ol Pejeta na familia moja ya Wamarekani, tumesimama penye ua wa Najin na Fatu, wale vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani. Baba akaanza kumsifia binti yake Rais Theodore Roosevelt, kwamba ndiye baba wa uhifadhi. Binti akamkatiza: amesoma kuwa Roosevelt huyo huyo alikuja Afrika akaua vifaru weupe kama hawa, na wanyama wengine zaidi ya mia tano. Wakanigeukia mimi. Nilibabaika. Nani alikuwa na haki, na ningewaambia nini?

Jibu: Wote wawili walisema kweli, ndugu yangu, na kubabaika kwako si aibu. Nimefundisha historia ya uhifadhi kwa miaka mingi na swali hili halikosi darasani. Wapo wanaosema "alikuwa mtu wa zama zake", basi, mjadala umekwisha. Wapo wanaosema "alikuwa mnafiki", nao wameshamaliza. Mimi sikubaliani na pande zote mbili. Bunduki yake na kalamu yake zilitoka kwenye mfuko mmoja, na ukimtoa mwindaji ukabaki na mhifadhi peke yake, hutamwelewa hata huyo mhifadhi. Nikueleze nilivyomsoma, kisha turudi pale uani.

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, mtoto wa tajiri lakini mgonjwa wa pumu. Usiku mwingine alilala ameegemezwa mito, kwani akilala chali pumzi inamkata. Kukimbizana na wenzake hakuweza, akajifungia kwenye vitabu vya wanyama. Siku moja, bado mdogo wa miaka saba hivi, alimkuta sili, mnyama wa baharini, aliyekufa ametandazwa kwenye soko moja la Broadway. Alirudi pale siku baada ya siku na rula yake kumpima yule mnyama, mpaka mwisho akapewa fuvu lake. Hilo fuvu ndilo likawa kitu cha kwanza cha "makumbusho" aliyoyafungua nyumbani kwao. Baadaye akafundishwa kuchuna ndege na kujaza ngozi zao. Alipofika miaka kumi na mitatu hivi akapewa bunduki, akashangaa wenzake wanalenga vitu ambavyo yeye havioni kabisa. Kumbe macho yake hayaoni mbali. Akanunuliwa miwani, na dunia ikafunguka.

Hapo ndipo pa kuanzia kumwelewa. Kwa watu wa elimu ya viumbe wa wakati ule, kumjua ndege kulikuwa ni kumpiga risasi, kumpima na kumweka kwenye droo yenye karatasi ya jina. Mtoto yule alikua akiamini kuwa kupenda na kuua ni kazi ya mkono mmoja, na imani hiyo aliibeba mpaka uzeeni.

Septemba 1883 alipanda treni kwenda Dakota, kwenye nchi ya mabonde na vilima vilivyochongwa na upepo inayoitwa Badlands. Alikwenda kuwinda baisani, yule nyati mkubwa wa Marekani mwenye nundu na manyoya. Nyanda zile zilikuwa na mamilioni ya wanyama hao miaka michache tu nyuma. Yeye alihangaika siku nyingi kwenye mvua na matope kabla ya kumpata mmoja. Alipomwangusha alicheza ngoma kumzunguka kwa furaha. Lakini zile siku za kutafuta bila kuona kitu zilimwingia. Mwishoni mwa miaka ya 1880, baisani waliobaki Amerika ya Kaskazini nzima walihesabiwa kuwa kama 1,000 tu.

Alirudi Badlands akiwa mtu mwingine. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mkewe Alice walikufa siku moja, katika nyumba moja. Mkewe alikuwa amejifungua siku mbili tu kabla. Katika shajara yake siku hiyo aliweka alama kubwa ya msalaba na chini yake akaandika kuwa nuru ya maisha yake imezimika. Akaenda kuishi na ng'ombe kando ya mto Little Missouri. Nyanda zilikuwa zimejazwa mifugo kupita kiasi, majani yamekwanguliwa, na baridi ya 1886 kuingia 1887 ilipokuja, ng'ombe walikufa wamesimama kwenye theluji. Alipoteza zaidi ya nusu ya mali aliyoiweka pale. Mwaka uleule wa 1887, yeye na George Bird Grinnell wakaanzisha Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji matajiri wenye hofu moja: kwamba watoto wao hawatakuwa na kitu cha kuwinda. Wengi hawapendi kulisikia hili, lakini uhifadhi wa Marekani kwa sehemu kubwa ulizaliwa na hofu hiyo.

Siasa zake nitazipita haraka. Bunge la New York, upolisi, vita vya Cuba, ugavana, umakamu wa rais. Rais McKinley alipigwa risasi Buffalo akafariki tarehe 14 Septemba 1901, na Roosevelt akashika nchi akiwa na miaka 42. Hakuna aliyekuwa rais wa Marekani akiwa mdogo kuliko yeye.

Sasa tuje kwenye kalamu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo yule baba aliposimamia hoja yake bila pengine kuijua vizuri. Mpaka anatoka madarakani tarehe 4 Machi 1909, Roosevelt alikuwa amewekea ulinzi takriban ekari milioni 230 za ardhi ya umma. Ukitaka kuzipima kwa macho yetu, hiyo ni karibu sawa na Tanzania nzima. Ndani yake kuna misitu ya taifa 150, mapori ya ndege 51, hifadhi za taifa tano, na maeneo 18 ya kumbukumbu ya taifa.

Alianza na kisiwa kidogo sana. Florida kulikuwa na Pelican Island, kisiwa wanachotagia ndege aina ya mwari. Miaka ile wanawake wa New York, London na Paris walivaa kofia zenye manyoya, na wakati mwingine ndege mzima alikaa juu ya kofia. Yangeyange alikuwa anatafutwa kuliko wote, kwa sababu manyoya yake mazuri huota wakati wa kuzaa. Maana yake mwindaji anampiga mama kwenye kiota na makinda yanakufa kwa njaa. Tarehe 14 Machi 1903 Roosevelt alisaini amri fupi ya kukifanya kisiwa kile pori la ndege la serikali. Bunge halikutenga hata senti ya kumlipa mlinzi. Mlinzi wa kwanza, Paul Kroegel, mtengeneza mashua aliyekuwa akiwalinda ndege wale kwa hiari yake, alilipwa dola moja kwa mwezi na watu wa Audubon, chama cha wapenda ndege. Wewe unayeishi na askari wa wanyamapori unajua kazi ile inagharimu nini. Mwaka 1905, hukohuko Florida, mlinzi mwingine wa ndege, Guy Bradley, alipigwa risasi akafa alipojaribu kuwakamata wawindaji wa manyoya.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha 1907. Sheria ya 1891 ilimruhusu rais kutangaza msitu wa hifadhi kwa tamko lake tu, na Roosevelt aliitumia bila huruma. Makampuni ya mbao na wafugaji wakubwa wa kaskazini-magharibi walichoka. Seneta Fulton wa Oregon akapachika kipengele ndani ya muswada wa bajeti ya kilimo: tangu sasa rais haruhusiwi kutenga msitu mpya katika majimbo sita bila Bunge. Ulikuwa mtego mzuri, kwa sababu bajeti ilibidi isainiwe, tena kabla ya tarehe 4 Machi. Roosevelt hakubishana. Alimwita Gifford Pinchot, mkuu wa Huduma ya Misitu iliyoundwa 1905, na makarani wakakesha siku kadhaa wakichora mipaka kwenye ramani za majimbo yaleyale sita. Matamko yaliandikwa moja baada ya jingine na rais akayasaini moja baada ya jingine, ya misitu mipya na ya kupanua ya zamani, ekari milioni 16 kwa jumla. Ndipo akachukua muswada wa bajeti, wenye kipengele cha kumkataza kufanya alichokwisha kukifanya, akausaini. Wapinzani wake waliiita misitu ya usiku wa manane. Watu wanaendelea kupanda milima ya misitu hiyo na kunywa maji yake mpaka leo.

Grand Canyon aliiokoa kwa njia inayofanana. Alipofika pale Mei 1903 aliwaambia watu wa Arizona waliache bonde kama lilivyo, kwani karne kwa karne zimelifanyia kazi na binadamu anaweza kuliharibu tu. Bunge halikuwa tayari kulifanya hifadhi. Basi akatumia sheria ya 1906 ya kulinda mambo ya kale, ambayo wengi walidhani ni ya magofu na makaburi madogomadogo, na Januari 1908 akatangaza zaidi ya ekari 800,000 kuwa kumbukumbu ya taifa. Mfanyabiashara mmoja, Ralph Cameron, alikuwa amejimilikisha njia ya kushukia bondeni kwa hati za uchimbaji madini na kuwatoza watalii ada. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1920 majaji wakasema rais alikuwa na haki. Roosevelt alikuwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma.

Usije ukadhani alikuwa mtu wa kulinda kila mti. Mwaka 1903 alilala usiku tatu porini Yosemite na John Muir, mzee aliyeuona msitu kama hekalu, na asubuhi moja wakaamka wamefunikwa theluji. Lakini aliyekuwa akimsikiliza ofisini ni Pinchot, aliyeona msitu kama shamba: uvune, ila usimalize. Serikali yake hiyohiyo ilijenga mabwawa makubwa ya umwagiliaji, na mwaka 1908 ikaruhusu jiji la San Francisco lipange kuzamisha bonde la Hetch Hetchy, lililokuwa ndani ya hifadhi ya Yosemite. Muir alipigana na mpango huo kwa nguvu zake zote, akashindwa.

Sasa tuje huku kwetu. Wiki saba tu baada ya kukabidhi ofisi, tarehe 21 Aprili 1909, Roosevelt alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, pamoja na wataalamu watatu wa Taasisi ya Smithsonian ya Washington. Kutoka Mombasa alisafiri ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ya treni, akitazama wanyama mpaka stesheni ya Kapiti. Pale palikuwa na mahema, bendera ya Marekani, na wapagazi zaidi ya 200 wamepangwa mstari. Mizigo yao ilikuwemo tani nne za chumvi. Chumvi hiyo ndiyo inayokueleza safari ile ilikuwa nini: ilikuwa ya kukaushia ngozi. Kila mnyama aliyeanguka alichunwa, akapakwa chumvi, akafungwa, akabebwa kichwani.

Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa, jina aliloliandika mwenyewe kwa fahari na kwa tahajia mbovu. Kermit wakamwita Bwana Maridadi. Waliobeba bunduki, kama Bakari, Juma Yohari na Kassitura, ndio waliosimama hatua moja nyuma simba alipokuja mbio. Kwenye vitabu vya Kiingereza utawakuta wamepitiwa juujuu tu. Wewe wataje kwa majina.

Hesabu aliitoa yeye mwenyewe: 296 yeye, 216 Kermit. Humo mna simba 17 na tembo 11. Alijitetea kwamba yeye na mwanawe walijiwekea vitu kama kumi na viwili tu, na kwamba wengine wote walikuwa wa makumbusho au wa kitoweo cha kambi. Ukijumlisha ndege, panya, nyoka na samaki, Smithsonian walipokea vielelezo zaidi ya 11,000, na wanasayansi wanavitumia mpaka leo. Sikatai faida hiyo. Lakini utetezi wake hautoshi pale tunapofika kwenye vifaru weupe.

Januari 1910 msafara ulikuwa Lado, ukingo wa magharibi wa Nile. Walipiga kambi mahali ambapo hadi leo panaitwa Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Siku hizi kuna makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Roosevelt alijua fika anamtafuta mnyama gani. Aliandika mwenyewe kuwa huko kusini mwa Afrika kifaru mweupe ameuawa mpaka wamebaki wachache tu Zululand. Huyu ndiye mtu aliyemtafuta baisani kwenye matope ya Dakota asimwone. Pamoja na hayo, yeye aliua watano na Kermit wanne. Makumbusho yalihitaji familia moja ya kuonyeshwa. Tisa walikuwa wengi mno. Hapo nasema wazi alikosea, na alikosea kwa kipimo chake mwenyewe, si kwa kipimo cha leo.

Akiwa hukohuko Lado mjumbe alimfikia na habari: Rais Taft, mrithi wake, amemfukuza kazi Gifford Pinchot. Hakuamini. Alimwandikia Pinchot barua tarehe 17 Januari 1910. Kwa hiyo siku zilezile ambazo bunduki yake ilikuwa ikiangusha vifaru, moyo wake ulikuwa ukiungua kwa ajili ya misitu ya kwao, na sidhani kama aliona mgongano wowote. Hasira juu ya Taft ndiyo iliyomrudisha kugombea tena 1912 kwa chama chake mwenyewe, akashindwa.

Kuna jambo jingine ambalo binti yule hakuligusa, nalo kwangu ni zito kuliko wanyama 512. Ardhi aliyoisaini haikuwa tupu. Grand Canyon ilikuwa na Wahavasupai, kabila la wenyeji asilia, waliolima mboga na matunda kwenye chemchemi za bondeni na kuwinda juu ya ukingo. Walibanwa wakabaki na kipande kidogo cha ardhi, na ilichukua mpaka 1975 ndipo Bunge likawarudishia ekari 185,000 hivi. Mwaka 1908 aliidhinisha pori la kuwarejesha baisani huko Montana. Wazo jema, ila lilimegwa kutoka ardhi waliyoahidiwa wenyeji asilia, Wasalish na Wakootenai, kwa mkataba. Walirudishiwa kwa sheria ya Desemba 2020. Na William Hornaday, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Bronx, aliyeshirikiana na Roosevelt kuokoa baisani na kupeleka 15 kwa treni Oklahoma Oktoba 1907, ndiye aliyekuwa amemweka Ota Benga, kijana kutoka Kongo, kwenye nyumba ya nyani mwezi Septemba 1906, watu wakaja kumtazama kwa maelfu. Wachungaji weusi wa New York walipiga kelele mpaka akatolewa. Mwaka 1916 Ota Benga alijiua. Kila ninapofundisha habari za baisani wale 15 na furaha ya watu waliowapokea, nafundisha na habari za Ota Benga, darasa lilelile.

Roosevelt mwenyewe aliandika kwamba nyanda zetu za juu ni nchi ya mzungu. Alipita kati ya Wakikuyu, Wamasai na Wakamba akasema hivyo. Alipowaona vijana wa Kinandi wakimzunguka simba na mikuki, wakamuua, alivutiwa mno na ushujaa wao, lakini haikumpitia kuwa nchi ile ni yao. Wazo la pori lisilo na mwenyewe, linalomngoja mzungu alilinde au aliwinde, liliendelea kutawala huku kwetu. Waulize Wamasai walioondolewa Serengeti mwaka 1959. Si yeye aliyelibuni, lakini alilipa heshima ya jina lake. Pale New York, mbele ya makumbusho ambayo baba yake alikuwa mmoja wa waanzilishi, kulikuwa na sanamu yake tangu 1940: yeye juu ya farasi, Mwafrika na mwenyeji asilia wa Marekani wakitembea kwa miguu ubavuni. Iliondolewa Januari 2022.

Basi ungewaambia nini? Baba mwambie ana haki kuhusu ekari milioni 230, na umtajie Pelican Island na mtego wa Seneta Fulton, maana Wamarekani wengi wanajua jina la Roosevelt lakini visa hivi hawavijui. Binti mwambie namba zake ni sahihi, na umwongezee Wahavasupai na Ota Benga, kwa upole, kwani ni mtoto anayesoma. Akikuuliza kama Roosevelt ndiye aliyewamaliza vifaru hawa, mjibu hapana. Mwaka 1960 walikuwa bado kama 2,000, kutoka Uganda na Sudan hadi Kongo, Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Walimalizwa na biashara ya pembe pamoja na vita, na kufikia 1984 porini walibaki 15, wote Garamba, Kongo. Sudan, dume wa mwisho, alikufa hapo Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018, wewe pengine ulikuwepo.

Mwambie pia kwamba Najin alizaliwa 1989 na bintiye Fatu 2000, wote katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové huko Ucheki. Waliletwa Laikipia Desemba 2009, na mwezi uliofuata ikatimia miaka mia moja kamili tangu wale tisa wa Lado wachunwe, wapakwe chumvi na kusafirishwa kwenda makumbusho ya Marekani.